Ukiacha bugali, mwili utakula nini?



Sisi kapita wa chumba cha kulia, wanafunzi wa darasa la sita, tunaomba nafasi katika kurasa hizi tueleze jambo moja lililoleta maneno mengi tangu mwanzo wa muhula: jambo la kuacha bugali ili mtu apate misuli. Wengine watasema, "Kapita wanataka tu tumalize bugali juu isibaki katika sufuria." Hapana. Someni mpaka mwisho, kisha mtahukumu.

Mambo yalianza hivi. Baada ya likizo ya Noeli, vijana watano wa timu yetu ya mpira walirudi na habari mpya: mtu anayetaka kifua kipana na tumbo la vipande lazima aache bugali, muhogo wa kuchemsha, ndizi, mkate na sukari. Walikuwa wameona picha katika simu za watu huko mjini. Tangu siku ile, wakati wa kugawa chakula, kila mmoja wao alisukuma kipande chake na kusema, "Mutuachie mboga tu. Bugali tumeacha." Asubuhi kabla ya kengele walikuwa nyuma ya bweni wakipiga pompe na kuinua vile vyuma mnavyovijua, mikebe miwili ya maziwa iliyojazwa simenti na kuunganishwa kwa fimbo ya chuma.

Na bugali yao ilienda wapi? Hapa tunapaswa kusema ukweli. Sisi tuliila. Meza ya kapita ilikuwa na vipande vitano zaidi kila jioni, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeuliza swali. Tena tuliwasifu, "Endeleeni hivyo hivyo, wanaume!"

Juma la kwanza mizani ya dispensere ilionyesha kwamba kila mmoja amepungua kilo mbili hivi, wakashangilia. Juma la tatu walianza kulala darasani. Juma la tano, siku ya posho, tulicheza na shule jirani. Namba 9 wetu, ambaye mnajua namna anavyokimbia, alisimama katikati ya uwanja, akashika magoti, akaanguka. Jasho baridi, mikono inatetemeka. Tulimbeba watu wanne mpaka dispensere, na njiani mmoja wetu akasema, "Ata! Huyu amekuwa mwepesi hivi?" Sisi tuliokula bugali yake ndio tuliombeba.

Mama Muganga alimpa chai yenye sukari nyingi alipoweza kumeza vizuri. Halafu akamwuliza:

"Leo umekula nini?"

"Sombe, Mama."

"Na jana?"

"Sombe na maharagi kidogo. Bugali niliacha, nataka misuli."

Mama Muganga akapima mkono wake wa juu kwa utepe, akatazama karatasi ya mwanzo wa mwaka, akatikisa kichwa. "Mwanangu, unatafuta misuli, kumbe unaikula."

Neno hilo halikutuacha tulale. Tulimwendea mwalimu wetu wa biolojia, akatupa saa mbili za mapumziko. Haya tunayoandika ni yale tuliyojifunza kwake na kwa Mama Muganga, pamoja na hesabu tuliyofanya wenyewe.

KWANZA: MWILI UNATOA NGUVU WAPI?

Bugali, muhogo, mchele, viazi, ndizi na mkate ni vyakula vya wanga. Tumboni wanga unageuka sukari, nayo inaingia katika damu. Sehemu yake inatumika mara moja, na sehemu nyingine inawekwa akiba: karibu gramu 100 katika ini, na karibu gramu 400 katika misuli ya mtu mzima. Akiba hiyo inaitwa glikojeni. Kila gramu yake inashika karibu gramu 3 za maji. Hesabu ni rahisi: gramu 500 za glikojeni pamoja na maji yake ni karibu kilo 2. Mtu akiacha wanga, akiba ile inaisha kwa siku chache na maji yanatoka kwa mkojo. Zile kilo mbili ambazo wenzetu walishangilia juma la kwanza hazikuwa mafuta ya tumbo. Kwa sehemu kubwa zilikuwa maji.

Baada ya hapo mwili unatafuta kwingine, maana ubongo peke yake unahitaji karibu gramu 120 za sukari kwa siku. Mwili unachoma mafuta, na ini linatengeneza kutoka katika mafuta hayo kitu kinachoitwa ketoni, ambacho ubongo unaweza kukitumia mahali pa sehemu kubwa ya sukari. Lakini si yote. Sukari inayobaki kuhitajika ini linaitengeneza lenyewe, na kitu kimoja linachotumia ni protini. Protini hiyo ikitoka katika chakula, ni vizuri. Isipotoka katika chakula, inatoka katika misuli.

Mjue kwamba mafuta yana akiba yake chini ya ngozi, na sukari ina akiba yake katika ini. Protini haina ghala. Protini yote iliyo mwilini iko kazini: ni misuli, ni damu, ni ngozi. Mwili unaotafuta protini bila kuipata ni kama mtu asiye na kuni wakati wa mvua. Siku ya kwanza anachoma kiti, siku ya pili anachoma mlango. Wazee wanasema, mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kwa protini methali hiyo ni kweli kabisa: lazima uile kila siku.

PILI: JE, MTU ANAWEZA KULA WANGA KIDOGO NA KUBAKI NA MISULI?

Ndiyo, anaweza. Hatutaki kuwaambia uongo kwa sababu tu sisi ni wapenda bugali. Mwalimu alitusimulia habari mbili, nasi tunaziweka hapa pamoja, juu moja inaeleza nyingine.

Ya kwanza. Mwaka 1928, msafiri Vilhjalmur Stefansson, aliyekuwa ameishi na Wainuit wa nchi za barafu kaskazini mwa Amerika, alikubali pamoja na mwenzake kula nyama na mafuta ya nyama tu kwa mwaka mzima, chini ya macho ya madaktari wa hospitali ya Bellevue mjini New York. Walikula protini gramu 100 mpaka 140 kwa siku, na mafuta gramu 200 mpaka 300. Wanga ulikuwa karibu hakuna. Mwisho wa mwaka walikuwa wazima na wenye nguvu. Lakini angalieni jambo hili: siku za mwanzo Stefansson alipewa nyama isiyo na mafuta, akaugua tumbo na kuishiwa nguvu. Walipomwongezea mafuta, alipona.

Ya pili. Kuanzia mwaka 1944 mpaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, daktari Ancel Keys aliwalisha vijana 36 waliojitolea karibu nusu ya chakula walichohitaji, kama kalori 1,600 kwa siku, kwa muda wa majuma 24. Walikula viazi, mkate na makaroni, yaani wanga ulikuwepo. Hata hivyo walipoteza karibu robo ya uzito wao, na misuli yao ilikwisha hata kupanda ngazi kukawa kazi.

Mnaona? Wale wawili walikosa wanga wakabaki na misuli, na hawa 36 walikuwa na wanga wakaipoteza. Basi swali si bugali tu. Swali ni: chakula chote kinatosha? Protini inatosha? Na ukiondoa bugali, unatia nini mahali pake?

TATU: HESABU YA SAHANI YETU

Tulipima chakula cha mwanafunzi mmoja kwa siku nzima, kwa msaada wa mama wapishi wetu, ambao tunawashukuru. Unga wa muhogo ni karibu gramu 500, maharagi makavu gramu 100, sombe gramu 150, ndagala kavu gramu 20 siku ambazo ziko, na mawese vijiko viwili.

Sasa protini. Katika gramu 100, unga wa muhogo una chini ya gramu 2, unga wa mahindi karibu 8, sombe mbichi 7, samaki mbichi 18, maharagi makavu 22, karanga 25, soya 36, ndagala kavu karibu 60. Yai moja lina gramu 6. Ukijumlisha sahani yetu unapata karibu gramu 50. Mtu wa kilo 60 anahitaji, kwa uchache, gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani 48. Tunafika, lakini kwa shida. Anayeinua vyuma na kutaka misuli ikue anahitaji zaidi. Uchunguzi uliounganisha majaribio 49 ya watu wa mazoezi ulionyesha kwamba faida inaongezeka mpaka karibu gramu 1.6 kwa kilo. Kwa kilo 60 ni gramu 96.

Na nguvu? Unga ule gramu 500 unaleta karibu kalori 1,700. Kijana wa umri wetu anayecheza mpira anahitaji karibu 3,000. Ukiondoa bugali katika sahani yetu, zinabaki chini ya 1,000. Namba 9 alikuwa anakula kidogo kuliko wale vijana wa Minnesota, tena anakimbia kila jioni! Yale maharagi yake machache hayakujenga kitu, yalichomwa kama kuni. Hapa ndipo tulipoelewa neno ambalo hatukulijua: bugali inalinda maharagi. Ikileta nguvu ya kukimbia na kufikiri, protini ya maharagi inabaki huru kufanya kazi yake ya kujenga.

Ili mtu ajaze mahali pa zile kalori 1,700 bila bugali, inambidi ale karanga gramu 300, ao mayai zaidi ya 20, kila siku. Nani kati yetu ana mfuko huo? Yule wa katika picha za simu anakula nyama, mayai, jibini na samaki asubuhi, mchana na jioni. Wenzetu waliiga nusu yake ya kwanza, ile ya kuacha. Nusu ya pili, ile ya kuongeza, haikuonekana katika picha.

Kuna jambo jingine kwa watu wa mpira. Kukimbia kwa kasi kunatumia glikojeni. Mwaka 2017 Louise Burke na wenzake huko Australia walitoa matokeo ya uchunguzi juu ya mabingwa wa mbio za kutembea. Waliokula wanga kidogo walichoma mafuta zaidi, ni kweli, lakini walihitaji oksijeni zaidi kwa mwendo uleule, na wakati wao wa kilomita 10 haukuendelea mbele kama wa wenzao. Kwa hiyo mchezaji asiogope bugali kabla ya mechi.

Lakini msifikiri tunasifu bugali tupu! Katika nchi yetu iko ugonjwa unaoitwa konzo, ambao daktari Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango. Unapooza miguu ghafula, na unawapata watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, bila protini ya kutosha. Bugali peke yake ni hatari, na mboga peke yake ni njaa. Vinatakiwa vifuatane.

NNE: MTU ALIYEKATAZWA NA MUGANGA

Kuko watu ambao muganga mwenyewe anawaambia wapunguze bugali. Hao ni wagonjwa wa sukari. Baba wa mmoja wetu ni mkulima, ana miaka zaidi ya hamsini. Aliambiwa, "Mzee, punguza bugali." Yeye alisikia "acha", akaacha bugali, akaogopa na maharagi, akabaki na mboga. Sukari ilishuka, kweli. Lakini likizo tuliyomkuta, jembe lilikuwa limemshinda. Mikono imekauka, suruali inafungwa kwa kamba. Watu wa mtaa walisema ugonjwa unammaliza. Kwa sehemu kubwa ilikuwa njaa.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayehitaji zaidi kulinda misuli, sababu misuli ndiyo mahali pakubwa ambapo sukari ya damu inaingia na kutumika. Misuli ikipungua, sukari inakosa mahali pa kwenda. Tena, mtu wa umri mkubwa anaipoteza upesi na kuirudisha polepole.

Mama Muganga alimpangia hivi. Baba ana kilo 70. Atafute gramu 1.2 kwa kilo, yaani 84 kwa siku. Mayai mawili yanaleta 12, ndagala kavu gramu 50 zinaleta 30, karanga gramu 60 zinaleta 15, na samaki mbichi gramu 150 analeta 27. Jumla 84. Siku ambayo samaki mbichi ni ghali, maharagi yanaingia kwa kipimo. Bugali ni kipande cha ukubwa wa ngumi, si zaidi, na nguvu iliyopungua inarudishwa na mawese, karanga na avoka. Halafu kazi: mara tatu kwa juma anaketi na kusimama kutoka kitini mara kumi bila kushika, anapumzika, anarudia, anainua bido la lita 5 kwa kila mkono, anasukuma ukuta. Misuli isiyopewa kazi mwili unaiona kama mzigo, unaipunguza hata ukila vizuri.

Hajawa kijana tena, tusidanganyane. Lakini barua yake ya mwisho ilisema amelima mistari minne ya karanga kwa mkono wake.

TANO: YA KUSHIKA

1. Usiondoe chakula cha nguvu kabla ya kuwa na kitu cha kutia mahali pake. Kama huna, usiondoe.

2. Gawa protini katika milo yote ya siku. Gramu 20 mpaka 30 kila mlo ni bora kuliko kungoja nyama ya siku ya Mungu.

3. Anayekula wanga kidogo asikimbie mafuta pia. Kumbukeni tumbo la Stefansson.

4. Fanya mazoezi ya nguvu mara mbili ao tatu kwa juma, kwa miguu, mgongo, kifua na mikono. Siku nyingine pumzika. Usingizi nao ni kazi ya ujenzi.

5. Anayepunguza wanga anapoteza maji na chumvi. Kizunguzungu na kukazwa misuli mara nyingi kunatoka hapo. Anywe maji na asiache chumvi, isipokuwa mwenye ugonjwa wa damu kupanda, huyo afuate neno la muganga wake.

6. Anayetumia insulini ao vidonge vya sukari asipunguze bugali kabla ya kuonana na muganga. Dawa ileile na chakula pungufu vinaweza kushusha sukari mpaka mtu azimie. Mwenye ugonjwa wa figo vilevile aulize kabla ya kuongeza protini.

7. Mizani haisemi yote. Ukipungua kilo na pompe zako zikipungua pia, unapoteza misuli. Simama, kula.

Sasa mtauliza, namba 9 iko namna gani? Amerudi uwanjani juma hili. Bado hajapata kasi yake, lakini anamaliza sahani, na wenzake wanne vilevile. Bwana Prefe ametupatia kipande cha shamba nyuma ya jiko, na tumekwisha kupanda karanga na soya. Anayetaka misuli aje na jembe, pale kuna mazoezi na protini pamoja.

Na sisi kapita tumejiwekea sheria. Mwanafunzi akikataa bugali siku moja, ni tumbo lake. Akiikataa siku tatu, kapita wa meza ataenda kwa Mama Muganga, na kipande kile kitarudi jikoni, hakitaingia katika sahani yetu. Nanyi tunawaomba mfanye hivyo. Mwenzako akisukuma chakula, usikivutie kwako kwanza. Muulize.

Kwa leo tunatia nukta hapa. Tunawatakia afya njema na mitihani mizuri.

Ni sisi, kapita wa chumba cha kulia, darasa la sita.